Vizuri, Asante

Jumatatu, 3 Februari

Mashuka tena. Taulo tena. Mashine tatu za kukausha zinazunguka kwa pamoja na kila moja inanipigia msumari sikioni. Saa tatu asubuhi nilivua kifaa changu cha kusikilizia nikakitia mfukoni mwa aproni. Amani. Nilifanya kazi nikiwa kiziwi hadi saa nane na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna anayeshuka huku chini kuzungumza na mwanamke anayekunja taulo.

Kazi yangu si taulo. Mimi ni CNA, msaidizi wa wauguzi. Miaka kumi na moja nimeogesha wazee, nimewalisha, nimewageuza kitandani, nimewashika mkono wakikata roho. Mwaka juzi homa ya uti wa mgongo ikanipiga. Nilipozinduka hospitalini sikusikia hata mlango. Baadaye wakanipasua nyuma ya sikio la kulia, wakapandikiza waya ndani, wakanipa na hiki kifaa cha nje kinachoshika kichwani kwa sumaku. Nashukuru. Nimechoka kushukuru.

Tracy, msimamizi wetu hapa kwenye nyumba ya wazee, alinishusha kufua "kwa muda". Alisema nikimletea barua inayoonyesha kwamba nasikia mtu akiongea penye kelele, atanirudisha juu kwa wazee wangu. Mwisho wa Machi. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine. Nilimwambia hamna shida. Shida ipo. Nilitaka kumtupia kapu la nguo chafu.

Barua hiyo itatoka kwa watu wa utafiti, chuo kikuu. Wanajaribu njia mpya ya kukitegesha kifaa ili mtu atenganishe maneno na kelele. Niliingia Desemba. Alhamisi naenda tena.

Alhamisi, 6 Februari

Baridi ya kukausha kope. Ingrid, mtafiti anayenipima, gari lake lilikataa kuwaka, akapanda basi na mafua yake ili tu anipime mimi. Alinitengenezea chai. Ameshajifunza kwamba kwetu chai inawekwa maziwa. Jina langu hawezi kulitamka lakini hachoki kujaribu.

Chumba hakina dirisha. Anachomeka waya kwenye kifaa, halafu anatuma mlio mmoja mmoja kwa zile ncha kumi na sita zilizo ndani ya sikio. Kila mlio anaupandisha kidogo kidogo. Mbele yangu kuna karatasi ya nyuso zilizochorwa: husikii, hafifu, vizuri, kubwa, inauma. Natakiwa kuonyesha kidole. Nikigusa "vizuri" anaacha kupandisha, anahamia ncha nyingine.

Mimi sigusi haraka. Nasubiri. Kila ninapovumilia, mstari kwenye kompyuta yake unapanda. Ninataka upande. Ncha ya kumi na tatu ilinichoma mpaka jicho la kulia likaanza kucheza lenyewe. Nikalifikicha kana kwamba nina usingizi, ndipo nikagusa "vizuri". Aliniuliza kama nina hakika. Vizuri, asante.

Nilivua kifaa kabla sijafunga mlango wa gari.

Ijumaa, 7 Februari

Kichwa. Binti yangu Wakesho alidondosha kijiko jikoni nikamfokea kama mwizi. Akaniambia kitu kwa Kiingereza huku nywele zimefunika mdomo. Mtoto wa miaka kumi na sita, anaelewa Kiswahili chote, lakini kukitoa mdomoni ni kama kung'olewa jino. Sikupata hata neno. Sikumwomba arudie. Nilikasirika tu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Ngoma, kinanda, spika mbili kubwa kuliko madhabahu. Nilikaa mwisho kabisa, nikazima kifaa, nikaimba kwa kuangalia midomo ya watu. Nadhani nilikuwa nyuma ya wimbo kwa mstari mzima. Mtoto mmoja alinigeukia akacheka.

Baada ya ibada Mama Furaha akaja kuniombea. Ni Mkongo, mtu wa Bukavu, moyo wake mkubwa na mikono yake mizito. Alibandika kiganja juu ya sikio akaanza kukemea. Sumaku ikang'oka kichwani kwangu ikashika bangili yake ya chuma. Aliendelea kukemea na kifaa kinaning'inia mkononi mwake. Watu wakasema amina. Nikasema amina nao. Ndani nilikuwa natokota.

Kila mtu ananiuliza unasikia sasa? Unasikia sasa? Nawajibu nasikia. Ndicho wanachotaka kusikia wao.

Jumatano, 12 Februari

Tracy amemleta msichana mpya kunionyesha. Eti nimfundishe mpangilio wa vyumba vya juu, nani anakula nini, nani anaogopa maji. Wazee wangu. Nikamfundisha. Nikamwandikia mpaka upande ambao bibi wa chumba cha mwisho hupenda kulalia. Kisha nikarudi chini kukunja.

Mimi mjinga. Ningesema hapana. Sijui hata hiyo hapana ingeanzia wapi.

Alhamisi, 20 Februari

Siku mbaya.

Kwanza mtihani. Sentensi zinatoka kwenye spika moja, kelele za umati kwenye nyingine, narudia nilichosikia. Nimepata chini kuliko Desemba. Chini! Umati ulikuwa unanipiga usoni, maneno yamezama humo. Ingrid alishika kalamu. Aliandika.

Halafu dodoso. Unavaa kifaa saa ngapi kwa siku? Nikajaza kumi na mbili. Ingrid akageuza skrini upande wangu. Kumbe kifaa chenyewe kinahesabu. Kila siku, kila saa, kimewashwa lini na kimevuliwa lini. Wastani wangu ni saa tatu.

Nilisema labda kimeharibika. Mwanamke mzima, mama wa mtu, nadanganya mbele ya skrini yenye ukweli wote. Ingrid hakubishana, akasema tu atakikagua. Upole wake ulinikera kuliko angenifokea.

Nimevaa jasusi kichwani miezi miwili. Nimekwenda nacho chooni. Nimekwenda nacho madhabahuni. Nilipofika nyumbani nilikifungia kwenye droo ya soksi.

Jumamosi, 22 Februari

Bado kiko kwenye droo. Nimempigia kelele mume wangu, Baba Wakesho, kuhusu jasusi. Akaniandikia kwenye karatasi, maana sikuwa nimevaa: uliisoma ile fomu? Fomu yenyewe ilikuwa kurasa ishirini. Nilisaini. Daktari akikupa karatasi unasaini, husimami kumsomea kama askari wa kodi.

Akaitafuta kwenye faili. Ukurasa wa saba, imeandikwa wazi kwamba kifaa kinatunza saa. Nimemkasirikia na yeye kwa kuipata.

Jumanne, 25 Februari

Barua pepe. Imesainiwa na profesa mwenyewe, ambaye sijawahi kumwona. Majibu yangu hayaendani. Viwango vya sauti ninavyosema ni vizuri viko juu sana, na bado alama zinashuka na kifaa sikivai. Nitapimwa tena tarehe sita Machi. Saa zisipopanda watanitoa kwenye utafiti.

Wakinitoa, hakuna barua. Hakuna barua, nazeekea kwenye taulo.

Vyema. Wanataka saa? Watapata saa.

Jumatano, 26 Februari

Nimekivaa saa kumi na moja na nusu. Bila kuvua. Vidonge viwili vya maumivu asubuhi, viwili mchana.

Ijumaa, 28 Februari

Saa kumi na tatu. Mashine za kukausha, kengele za wazee, troli ya sahani. Nimelia ndani ya stoo ya mashuka na hata kilio changu mwenyewe kiliniumiza. Nikafunika uso na taulo, nikalia kimyakimya.

Jumapili, 2 Machi

Kanisani, nimewasha. Nilisimama karibu na ngoma kwa makusudi. Jicho lilicheza ibada nzima. Mama Furaha aliniuliza kama ni Roho. Nikamwambia ni usingizi.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na nne. Nimempiga Wakesho kibao kwa sababu ya mlango. Ulijifunga kwa upepo, si yeye. Sijawahi kumpiga tangu aingie sekondari. Hakulia. Aliniangalia tu, akaenda chumbani. Najichukia usiku huu na bado sauti ya ule mlango imo kichwani.

Alhamisi, 6 Machi

Theluji ilifunga shule. Wakesho ana kibali cha kujifunza udereva, akasema atanipeleka. Sikutegemea, baada ya juzi. Aliendesha taratibu, mikono miwili kwenye usukani, hakuteleza hata mara moja.

Ingrid alimruhusu aingie. Alifurahi sana na saa zangu. Kumi na tatu kwa wastani wiki hii! Akanipongeza, nikavimba kichwa. Tukaanza milio. Karatasi ya nyuso mezani, mimi na kidole changu, Wakesho kwenye kiti pembeni akichezea simu.

Ncha ya tisa, nikavumilia. Ya kumi. Ya kumi na moja nilishika paja langu chini ya meza nikaminya. Niligusa "hafifu". Mstari ukapanda. Niligusa "hafifu" tena.

Wakesho akasimama. Akasema kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti:

"Anadanganya. Inamuuma. Angalia mkono wake."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Akamwambia Ingrid kila kitu: kwamba navua nikifika kwenye gari, kwamba wiki hii nimekula vidonge kama karanga, kwamba nalia nikidhani hawanisikii. Kwamba jicho langu linacheza na mimi nalifikicha. Ule mlango hakuutaja. Kofi hakulitaja.

Nilimwambia Ingrid mtoto amechoka, asimsikilize. Ingrid alikuwa ameshazima mlio. Alivua miwani. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Miezi miwili nimekuwa nikikuumiza," akasema. "Kwa nini uliniacha niendelee?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba alikuja na basi. Kwamba alinitengenezea chai. Kwamba mtu anayekuhangaikia hivyo humtupii maumivu usoni. Hakuna lililotoka. Nikasema samahani, nikachukua koti.

Kwenye gari nilimtolea Wakesho yote. Ameniaibisha mbele za watu. Ameniua, barua imekufa. Nani alimlea hivi, mtoto anamkana mamake mbele ya mgeni? Aliendesha mpaka taa nyekundu. Ndipo akaniambia, kwa Kiswahili. Kibovu, lakini Kiswahili.

"Wewe unataka kuwa kiziwi kuliko kukosa adabu."

Taa ikawa ya kijani. Akaendesha, mikono miwili kwenye usukani, mpaka nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Sijamsemesha. Nimempikia, nimemfulia, sijamsemesha.

Baba Wakesho amerudi kutoka kazini kwake mjini Plymouth akanikuta nimeketi jikoni na koti. Nilidhani atanitetea. Akasema, "Mtoto amesema ukweli. Hata mimi nilikuwa najua, nika-assume uta-mention mwenyewe." Alijua! Kumbe nyumba nzima ilijua. Wote wananitazama nikichomwa, wananisubiri niseme. Nimewakasirikia wote wawili, na Ingrid, na profesa wa barua pepe, na aliyebuni zile nyuso za kuchora.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetolewa. Barua pepe fupi, ya heshima. Matokeo yangu yote tangu Desemba hayatatumika. Wananishukuru kwa mchango. Mchango upi, kama mmeutupa?

Chini kabisa Ingrid ameongeza mistari yake mwenyewe. Anaomba nije Alhamisi, nje ya utafiti, anirekebishie kifaa. Nilitaka kukataa. Lakini kwa zile wiki mbili za kuvaa, hata nikikivua sasa kichwa kinavuma.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda peke yangu. Hakukuwa na chai. Nilifurahi kwamba hakukuwa na chai.

Ingrid alikuwa amekasirika, na safari hii hakuficha. Alisema kazi ya miezi imeharibika. Kwamba walikuwa karibu kuandika kuwa njia hii mpya inafanya baadhi ya watu wasikie vibaya zaidi, kwa sababu yangu. Watu wangenyimwa njia hiyo kwa sababu yangu. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Liliniingia.

Lakini na mimi nilikuwa na yangu, na yakatoka. Nikamwambia nimesoma kwetu Wundanyi, darasa la watoto sitini, na tangu darasa la kwanza najua kwamba karatasi ikiwekwa mezani na mtu mwenye kalamu akakutazama, huo ni mtihani. Kuna jibu linalotakiwa. Unavumilia, unafaulu. Nilidhani mstari ukipanda sikio langu linafaulu. Nikamuuliza ni wapi kwenye kurasa zake ishirini walipoandika kwamba huu si mtihani. Walikumbuka kuandika habari za jasusi, hili hawakukumbuka.

Akafikiri. Akasema hakuna mahali. Akakiri hivyo hivyo, bila kuzunguka. Akachukua daftari akaandika, akasema wanaokuja baada yangu wataambiwa kabla ya mlio wa kwanza. Sawa. Basi mimi ni onyo la wengine. Sikuona cha kushangilia.

Tukaanza upya, kutoka sifuri. Mlio wa kwanza ukapanda, ukapanda, ukafika pale unapoanza kuchoma. Mdomo ukawa mzito kama nimepigwa ganzi. Nimewahi kuzaa bila kupiga kelele na manesi wakanisifu. Nimewahi kuchotwa maji ya uti wa mgongo nikamwambia daktari asante. Ingrid alingoja, mkono juu ya kipanya, hakuniharakisha.

Nikasema, "Inauma."

Akarudisha chini. Tu. Hakuna mbingu iliyoanguka. Mlio ukawa mlio, kitu kidogo cha duara, hakina meno. Tulikwenda hivyo ncha zote kumi na sita na ilipofika ya tano nilikuwa nalia machozi ya hasira, miezi miwili, miezi miwili mizima, kwa neno moja.

Barua hawezi kunipa, nimeshatoka. Kliniki ya kawaida inaweza, lakini nafasi ya kupimwa ni Aprili. Tracy alisema Machi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevaa siku nzima. Sikuhesabu saa. Vijiko vikianguka ni vijiko tu.

Nilimkuta Wakesho akiosha vyombo nikamwambia nilikosea kumpiga. Nikasema na ya lab pia, kule kwa Ingrid, kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Hiyo ya pili niliitoa kwa shida zaidi. Akasema okay, bila kugeuka. Baadaye akaniuliza kitu, nywele mdomoni kama kawaida yake, nikamwambia sijasikia, toa hizo nywele. Akazibana nyuma ya masikio akarudia. Alitaka funguo za gari.

Jumatatu, 17 Machi

Nilipanda juu kwa Tracy kabla ya kubadilisha nguo. Nilimweleza barua itatoka Aprili, si Machi. Akatabasamu lile tabasamu la watu wa huku, lisilo na meno, akasema anasikitika sana lakini yule msichana mpya anaendelea vizuri na mimi nafanya kazi nzuri mno kule chini. Akaniuliza kama ni sawa hivyo.

Asante ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Naapa, niliionja.

"Hapana," nikasema. "Si sawa."

Akadhani sikusikia. Akarudia swali, polepole, kwa sauti kubwa. Nikamwambia nimesikia mara ya kwanza. Kwamba nimefanya kazi na wazee miaka kumi na moja hapa ndani. Kwamba nilimfundisha msichana wake kila kitu, na wazee hao walinililia niliposhushwa. Kwamba nimekasirika, na nimekasirika tangu alipotamka "kwa muda". Sauti yangu ilitetemeka na nikaisikia ikitetemeka, yote, vizuri kabisa. Mtu wa mapokezi alisimama kuchungulia.

Tracy alikuwa mweupe zaidi ya kawaida yake. Akasema hakujua kwamba inanisumbua hivyo. Nikaona kwamba anasema kweli. Hakujua. Angejuaje?

Akanipa zamu mbili za majaribio, wiki ijayo, nesi wa zamu akiniangalia. Nisipoweza, narudi chini bila maneno. Nilimwambia maneno yatakuwepo. Nikashuka. Nikakaa juu ya kapu la mashuka kama robo saa.

Jumatano, 26 Machi

Zamu ya pili. Theluji inayeyuka, maji yanadondoka nje ya madirisha yote.

Ya kwanza, jana, haikuwa nzuri sana. Mezani, wazee wakiongea wote pamoja, nilipoteza mengi. Niliwaomba warudie, mara kumi, mara ishirini. Mmoja alichoka akaniandikia kwenye kitambaa cha karatasi. Nesi alikuwa anaandika pia. Sijui ameandika nini. Watanijibu Ijumaa.

Leo jioni nilimwosha miguu bibi wa chumba cha mwisho. Aliongea na mimi bomba likiwa wazi. Sikusikia kitu. Nikafunga bomba, nikapiga magoti, nikamwelekezea sikio langu la kulia, nikamwomba aseme tena. Alisema mara mbili. Mara ya pili nikapata: maji ni ya moto mno. Alikuwa ameyavumilia muda wote huo, miguu imekuwa myekundu. Nikaongeza ya baridi mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba yametosha.

Nilikausha kidole kimoja kimoja. Akanishika bega akaniuliza kama nimechoka.

Nikamwambia ndiyo.